Warefu wa Columbia: Safu ya Mbele na Hazina ya Benchi

Tarehe 7 Aprili 2024, katika mji wa Cleveland, timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha South Carolina iliishinda timu ya Iowa kwa pointi 87 kwa 75, ikatwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani bila ya kupoteza mchezo hata mmoja kati ya michezo 38 ya msimu ule. Na katika hesabu zote zilizoandikwa siku ile, hakuna iliyostahili kutazamwa kwa makini kuliko hii, kwamba wachezaji wa South Carolina walioanza wakiwa wamekaa benchini walitia pointi 37, hali wenzao wa benchi la Iowa hawakutia hata moja. Caitlin Clark wa Iowa, ambaye jina lake lilikuwa limevuma kuliko la mchezaji yeyote wa chuo mwaka ule, alitia pointi 30, na 18 kati ya hizo alizitia katika robo ya kwanza, hata timu yake ikaanza kwa kuongoza 10 kwa 0. Lakini kila alipogeuka kutafuta msaada alikuta wenzake wale wale waliokwisha kuchoka, na kila South Carolina ilipobadilisha mtu aliingia mwingine mwenye pumzi mpya na maarifa yale yale.

Nayasimulia haya kwa sababu wapenzi wengi wa mchezo huu katika nchi zetu, wanapoisikia habari ya timu kubwa, huuliza kwanza jina la nyota wake, na ni nadra kuuliza ni nani wanaokaa nyuma ya nyota huyo wakingojea zamu. Rai yangu ni kwamba swali la pili lina uzito kuliko la kwanza, hasa katika safu ya mbele, mahali pa wachezaji warefu wanaofanya kazi chini ya kikapu. Na ya kwamba wingi wa warefu peke yake si nguvu, ila wingi huo uwe umekwisha kufundishwa, umekwisha kuchezeshwa, na umeridhia kungojea.

Kwa faida ya msomaji asiyeuzoea mchezo, timu huwa na watu watano uwanjani, na aghalabu wawili kati yao, pengine watatu, ni wa safu ya mbele: senta, ambaye kwa desturi ndiye mrefu kuliko wote, na mafowadi wanaomsaidia. Kikapu kimetundikwa futi 10 juu ya sakafu, na kazi ya watu hawa ni kulilinda eneo lililo chini yake, kuizuia mitupo ya wapinzani, kupokea mpira wakiwa wamekipa kikapu mgongo kisha kugeuka na kutupa kutoka karibu, na juu ya yote kunyakua ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya kukikosa kikapu. Timu inayonyakua ribaundi chini ya kikapu inachokishambulia huwa imejipatia nafasi ya pili ya kufunga bila ya taabu ya kuupandisha mpira upya. Na inayonyakua chini ya kikapu inachokilinda huwa imewanyima wapinzani nafasi hiyo hiyo. Michezo mingi ambayo watazamaji hudhani imeshindwa kwa mitupo ya mbali, kwa hakika huwa imeshindwa hapa.

Sasa na tupige hesabu. Mchezo wa vyuo vya wanawake una robo nne za dakika kumi kumi; kwa hiyo nafasi mbili za safu ya mbele zina dakika 80 za kujazwa. Mtu mrefu anayesukumana mwili kwa mwili, akiruka na kutua na kukimbia tena kutoka upande huu hadi ule, ni taabu kudumu na nguvu zake zote kupita dakika 30. Tena sheria yamtoa nje mchezaji anayetimiza madhambi matano, wala hakuna walio karibu na hatari hiyo kuliko warefu, kwa kuwa wao ndio wanaogusana na wapinzani kila mpira unapoingia ndani. Figa moja haliinjiki chungu: kocha mwenye mrefu mmoja stadi ana nusu ya safu ya mbele, na siku mrefu huyo akipata madhambi mawili katika robo ya kwanza, hana safu kabisa. Sharti awe na watatu, na akiwa na hadhari atatafuta wa nne na wa tano, si kwa ajili ya mchezo wa kesho, bali kwa ajili ya mwezi Machi, ambapo mashindano ya taifa huanza na ashindwaye mara moja tu hufunga virago.

Mwanamke aliyeielewa hesabu hii kuliko wengi hakuwa mrefu hata kidogo. Dawn Staley alizaliwa Philadelphia mwaka 1970, akacheza nafasi ya ulinzi, ya yule anayeupandisha mpira na kuwagawia wenzake, na kwa uchezaji huo akapata medali tatu za dhahabu za Olimpiki, za miaka ya 1996, 2000 na 2004. Alipochukua kazi ya ukocha wa South Carolina, mjini Columbia, mwaka 2008, timu ilishinda michezo 10 na kushindwa 18 katika msimu wake wa kwanza, na viti vya uwanja wao, wenye nafasi ya watu 18,000, vilikuwa vitupu kwa wingi. Leo timu ile ile imekwisha kutwaa ubingwa wa taifa mara tatu, na kwa miaka mingi mfululizo imekuwa ya kwanza nchini kwa idadi ya watazamaji wanaokuja kutazama wanawake wakicheza.

Mlango wa ufanisi huo ulifunguliwa na binti wa nyumbani, A'ja Wilson, aliyekulia viungani mwa Columbia na kujiunga na chuo mwaka 2014, chuo ambacho bibi yake, katika zama za ubaguzi, hakuruhusiwa kukatiza ndani ya viwanja vyake akipita njia. Na hivi leo sanamu ya mjukuu huyo imesimamishwa mbele ya uwanja wa timu. Pamoja naye katika safu ya mbele alikuwapo Alaina Coates, senta mwenye nguvu nyingi, na wawili hao walikuwa tisho kwa kila timu iliyokutana nao. Walakini, mwaka 2017, mashindano ya taifa yalipokuwa mlangoni, Coates aliumia kifundo cha mguu, asicheze hata mchezo mmoja wa mashindano. Staley hakuwa na mrefu mwingine wa daraja lile, basi akaubadilisha mtindo mzima: akamwacha Wilson peke yake ndani, akamzungushia walinzi wanne wenye mbio, na wakaifunga Mississippi State katika fainali 67 kwa 55. Ushindi ulikuwa mtukufu, nao ni ubingwa wa kwanza wa chuo hicho. Lakini ukiutazama kwa jicho la upungufu, ulikuwa ushindi wa dharura. Timu zilizofuata hazikujengwa kwa namna hiyo.

Mwaka 2019 alikuja Aliyah Boston, mzaliwa wa kisiwa cha Saint Thomas katika Bahari ya Karibi, mwenye urefu wa futi 6 na inchi 5 na utulivu wa mtu mzima. Katika fainali ya mwaka 2022 mjini Minneapolis, South Carolina iliishinda Connecticut 64 kwa 49, na siri haikuwa siri: ribaundi 49 dhidi ya 24. Boston peke yake alinyakua 16. Connecticut, timu ambayo haikuwa imepata kushindwa katika fainali ya taifa kabla ya siku ile, ilipata nafasi moja tu kila iliposhambulia, na wapinzani wao wakajipatia mbili, tatu.

Lakini msimu ninaoutamani kila kocha wa shule na klabu za kwetu auchunguze ni ule uliofuata, wa 2022/23, ambao South Carolina haikuchukua ubingwa. Katika safu ya mbele walianza Boston na Victaria Saxton. Nyuma yao alikaa Kamilla Cardoso, Mbrazili wa futi 6 na inchi 7 aliyehamia kutoka chuo cha Syracuse, ambaye katika timu nyingine yoyote angalikuwa nguzo ya kwanza. Akakaa pia Laeticia Amihere wa Kanada. Wakakaa vijana wawili, Sania Feagin na Ashlyn Watkins. Na katikati ya msimu akaongezeka Chloe Kitts, aliyeharakisha kumaliza shule ya sekondari ili awahi kuja kujifunza. Hesabu: warefu saba kwa nafasi mbili au tatu. Na jambo la kutazamwa ni kwamba Staley hakuwaweka kama mapambo. Cardoso aliingia mara kwa mara akicheza dakika za maana, hata akatunukiwa heshima ya mchezaji bora wa akiba wa ligi yao ya kusini-mashariki. Na Amihere, aliyeumaliza msimu ule akiwa mtu wa benchi, alichaguliwa wa nane katika uteuzi wa ligi ya kulipwa mwezi Aprili, heshima ambayo wachezaji wengi walioanza kila mchezo katika vyuo vingine hawakuipata.

Timu hiyo ilishinda michezo 36 mfululizo kisha ikafungwa na Iowa 77 kwa 73 katika nusu fainali, Clark akitia pointi 41. Wachezaji wote watano wa kikosi cha kwanza wakaondoka kwa pamoja. Waandishi wengi wa michezo walikadiria kwamba sasa utakuja mwaka wa kujenga upya, wa stahamala na vichapo. Na laiti benchi lile lingalikuwa benchi la kawaida, makadirio yao yangalikuwa sahihi. Mwaka uliokuja ndio ule wa ushindi 38 bila kushindwa.

Katika mwaka huo utajiri wa safu ya mbele ulijaribiwa mara kwa mara. Cardoso alipotolewa uwanjani kwa mzozo katika fainali ya ligi dhidi ya LSU, yaani Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, alilazimika kukosa mchezo wa kwanza wa mashindano ya taifa. Timu ikaushinda 91 kwa 39. Katika nusu fainali dhidi ya North Carolina State aliumia mguu kabla ya mapumziko, na mashabiki wakashika vichwa. Lakini Watkins, yule kijana wa benchi la mwaka uliopita, alinyakua ribaundi 20 katika mchezo huo huo, na South Carolina ikashinda 78 kwa 59. Siku mbili baadaye Cardoso alitia pointi 15 na kunyakua ribaundi 17 dhidi ya Iowa, na jumla ya ribaundi ikawa 51 kwa 29. Hakuna hata mmoja kati ya warefu hao aliyejifunza kazi mwaka 2024. Waliijifunza mwaka uliotangulia, mazoezini, kwa kusukumana kila siku na Aliyah Boston.

Hapa ndipo penye tatizo la zama hizi. Zamani mchezaji aliyehama chuo alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza. Tangu mwaka 2021 aliruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo, na tangu 2024 anaweza kuhama kila mwaka akipenda, maadamu anafaulu masomo yake. Kadhalika tangu 2021 mwanamichezo wa chuo anaweza kupata fedha kwa jina na sura yake, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vimepata idhini ya kuwalipa moja kwa moja. Simlaumu msichana anayetafuta haki yake. Kwa miaka mingi vyuo vilijikusanyia fedha kwa jasho la vijana wasiopewa ila karo na chakula, na dhuluma hiyo ilistahili kuondolewa. Lakini kweli isemwe: mtu wa saba katika safu ya mbele, ambaye mwaka 2022 aliona kungojea ni elimu, leo ana milango kumi iliyo wazi inayomwita aje aanze mchezo kesho. Kwa ajili hiyo kina cha timu, ambacho zamani kilikuzwa nyumbani kwa miaka mitatu au minne, sasa hununuliwa kila mwezi wa Aprili, na kinachonunuliwa hakina mazoea ya pamoja.

Na juu ya hayo kuna magoti. Kano ya mbele iliyo ndani ya goti hukatika kwa wanawake mara nyingi zaidi kuliko kwa wanaume katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, na inapokatika humla mchezaji miezi tisa, pengine mwaka. Januari 2025 ilimkatikia Watkins katika mchezo dhidi ya Mississippi State. Timu ilifika fainali hata hivyo, kwa nguvu za Kitts, Feagin na kijana Joyce Edwards kutoka mji wa Camden, lakini huko Tampa ikafungwa na Connecticut 82 kwa 59. Na Sarah Strong, fowadi wa mwaka wa kwanza, alitia pointi 24 na kunyakua ribaundi 15 bila ya kupatikana mtu wa kumzuia. Naamini Watkins mzima angalipunguza aibu ile, ijapokuwa sithubutu kusema angaliizuia. Kisha Feagin akamaliza chuo, Watkins akatangaza kwamba hatacheza msimu wa 2025/26 wote, na mwezi Oktoba, kabla ya msimu kuanza, Kitts naye akakatika kano ya goti. Safu iliyokuwa na saba ikabaki imetoboka.

Katika pengo hili ndipo anaposimama binti wa Kenya. Madina Okot, mwenye asili ya Mumias, hakulelewa na mpira wa kikapu tangu utoto. Aliuanza akiwa amekwisha kuwa mkubwa, akaucheza katika Chuo Kikuu cha Zetech, kisha akavuka bahari kwenda Mississippi State, ambako katika msimu wake wa kwanza wa Marekani, 2024/25, alipata wastani wa pointi 11.3 na ribaundi 9.6 kwa mchezo. Ana urefu wa futi 6 na inchi 6, mikono mipana inayodaka kila kinachopita, na hukimbia uwanja mzima kwa wepesi usiotarajiwa kwa mwili wake. Aprili 2025 alihamia kwa Staley. Alikusudiwa awe nguzo mojawapo kati ya kadhaa, akiwa na Kitts ubavuni mwake na Edwards mbele yake; msiba wa goti la Kitts ukamfanya awe nguzo ya kati, mwanamke ambaye wengine wote hupangwa kwa kumtazama yeye.

Waliobaki naye nitawataja kwa kifupi. Edwards, katika mwaka wake wa pili, ndiye fowadi mwenye kipaji kikubwa kuliko wote, anayeweza kutia pointi kutoka mahali popote ndani ya eneo, ila urefu wake si wa senta, na kumpa kazi ya senta ni kumpotezea nusu ya ufundi wake. Maryam Dauda, aliyetoka Arkansas, ana urefu wa futi 6 na inchi 4 na mtupo laini wa mbali. Adhel Tac wa Texas ana futi 6 na inchi 5, lakini hana uzoefu wa kutosha. Desemba 2025 Staley aliongeza mtu katikati ya msimu, jambo lisilo la kawaida: Alicia Tournebize, Mfaransa kijana wa futi 6 na inchi 7, binti wa Isabelle Fijalkowski aliyepata kucheza katika ligi ya kulipwa ya Marekani. Kocha anayevuka bahari kutafuta senta wakati msimu umekwisha kufika katikati amekiri kwa vitendo kwamba idadi aliyo nayo haimtoshi.

Naona basi kwamba kwa msimu huu wa 2025/26 urefu upo, na ubora wa watu wawili wa kwanza haupungui ule wa mabingwa waliotangulia. Okot na Edwards, wakiwa wazima na wakiepukana na madhambi, wanaweza kusimama mbele ya safu yoyote nchini, hata ile ya Connecticut yenye Strong, hata ile ya UCLA yenye Lauren Betts, senta wa futi 6 na inchi 7. Kinachokosekana ni ile elimu ya benchi ya mwaka 2023. Tournebize hajasukumana na mtu yeyote wa daraja la Boston mwaka mzima. Tac na Dauda wanahitaji dakika za kweli katika michezo migumu ya Januari na Februari, hata kama dakika hizo zitagharimu ushindi mmoja au miwili ya ligi, na kocha atakayewanyima dakika hizo kwa hofu ya kushindwa leo atawahitaji Machi akawakuta wageni. Staley ana historia ya kuwapa. Safu hii yaweza kutwaa ubingwa. Lakini haiwezi kustahimili goti jingine.

Nawe msomaji, hasa uliyeko Kenya na unayekesha kumtazama binti wa Mumias, usianze kwa kuhesabu pointi zake. Hesabu madhambi yake kabla ya mapumziko, kisha mtazame yule anayeingia badala yake na dakika anazopewa. Hapo utajua, kabla ya matokeo kutangazwa, timu hii itafika wapi.